Kuisha, kumaliza, kukoma na wenzake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kiswahili kina maneno mengi ya kusema jambo limefika mwisho, na mengi kati yake hayabadilishani nafasi. Anayesema umeme "umeisha" na anayesema "umekatika" wana shida mbili tofauti, na mmoja wao hana haja ya kupiga simu TANESCO. Majibu yafuatayo yanashika Kiswahili sanifu, ila pale mitaani wanaposema vingine tumesema.

Kuna tofauti gani kati ya "kuisha" na "kumaliza"?

Kitu huisha, mtu hukimaliza. "Sukari imeisha" inataja sukari tu, haimtaji aliyeitumia. "Watoto wamemaliza sukari" inawataja. Ndiyo maana mgeni mwenye adabu husema "chai imeisha", wala hasemi "mmemaliza chai".

Kosa linalosikika sana ni "filamu imemaliza" au "kipindi kimemaliza". Kimemaliza nini? Kumaliza kunadai kitu cha kumalizwa. Sema kipindi kimekwisha, au kimemalizika.

Kuisha na kumalizika hukaribiana sana, lakini sikio la mzungumzaji huzitenga. Kumalizika hukaa vizuri kwenye jambo lenye utaratibu uliopangwa: mkutano, mechi, mitihani, zoezi la kuhesabu kura. Kuisha hufaa kwa hayo yote, na zaidi kwa vitu vinavyopungua hadi vikaisha. Dukani utasikia: "Mangi, sembe ipo?" "Imeisha, dada, njoo jioni." Akijibu "imemalizika" si kosa, ila atasikika kama anasoma taarifa ya habari.

Kuisha hakuna kauli ya kutendwa. "Kazi iliishwa na mafundi" si Kiswahili; kazi ilimalizwa na mafundi.

Niandike "imekwisha" au "imeisha"?

Yote mawili ni sahihi. "Imekwisha" ina uzito kidogo na hupendwa katika maandishi na hotuba. "Imeisha" ndiyo ya kila siku.

Hiyo *kw* ni *ku-* ile ile inayobaki katika "anakula" na "amekuja". Vitenzi kama -la na -ja ni vifupi mno, na viambishi kama na, li, ta, me na nge havibebi mkazo wa neno, kwa hiyo *ku-* huja kuubeba. Ndiyo maana "anala" haisemeki. Lakini -isha ina silabi mbili, mkazo una pa kukaa, basi *ku-* ikawa ya hiari: inakwisha au inaisha, itakwisha au itaisha, iliyokwisha au iliyoisha.

Kuna mahali *kw* haiingii kabisa. Mazoea ni "huisha" (mafuta huisha haraka). Masharti ni "ikiisha", masimulizi ni "ikaisha", matakwa ni "iishe" (ngoja mvua iishe). Kukanusha kwa me ni "haijaisha", na wazee wengi wa pwani husema "haijesha". Katika "haikuisha" ile *ku* ni ya ukanushi, si ya kitenzi, hivyo usiandike "haikukwisha".

Kwa nini "ameshakula" ina "sha"? Na kinyume chake ni nini?

Hiyo *sha* ni kwisha iliyofupishwa. Mlolongo wake ni huu: amekwisha kula, amekwishakula, ameshakula, na pwani hufika hadi keshakula au ashakula. Unguja na Mombasa utasikia "nishakula", na Waswahili wa mashariki ya Kongo wengi husema "nilishakula". Wote wanasema jambo moja: kula kumepita.

Katika kuandika, "amekwisha kula" ni maneno mawili na "ameshakula" ni neno moja. Kitenzi kifupi hubaki na *ku*: ameshakula, ameshakuja, ameshakufa. Kirefu hakiitaki: ameshafika, ameshalala. "Ameshakufika" ni kosa. "Ameshaenda" na "ameshakwenda" zote hupita.

Wengi huuliza kama "imeshaisha" ni kurudia neno mara mbili. Hapana. *Sha* imekwishakuwa kiambishi cha wakati, na -isha ndiyo kitenzi chenyewe.

Kinyume ndipo wanafunzi huangukia. Usikanushe *sha*. "Hajashakula" hakuna, kinyume cha "ameshakula" ni "hajala", au "hajala bado". Tena angalia tofauti na kumaliza: "amemaliza kula" maana yake sahani iko tupu sasa hivi na mikono inanawiwa. "Ameshakula" inaweza kuwa alikula saa mbili zilizopita kwa jirani.

"Kuishia", "kuishiwa" na "kuishi" hunichanganya. Nianzie wapi?

Anza na irabu ya mwisho. Kuish*a* ni kufika mwisho, kuish*i* ni kukaa mahali au kuwa hai. "Likizo iliisha", "aliishi Pemba".

Mtego uko katika ukanushi wa wakati uliopo, kwa sababu hapo vitenzi vyote viwili huishia na *i*. "Kazi haiishi" ina *i* mbili: moja ya ngeli, moja ya kitenzi, na ni ya kuisha. "Juma haishi Tanga" ina moja, na ni ya kuishi. Kuandika "kazi haishi" ni kosa dogo kwa macho, ila msomaji makini hulikamata mara moja.

Kuishia ni kukomea mahali. Barabara inaishia mtoni. Neno linaishia na irabu. Kituoni abiria humuuliza konda, "Kaka, gari inaishia wapi?" na jibu ni jina la kituo tu. Kigoma huitwa mwisho wa reli kwa sababu Reli ya Kati huishia pale ziwani, na imeishia pale tangu 1914. Kuishia pia ni kufikishwa mahali ambapo hukupakusudia: "alianza na wizi wa kuku, akaishia jela". Kwa hiyo "aliishia Mombasa" haimaanishi alikuwa mkazi. Maana yake safari au maisha yake yalimfikisha huko.

Kuishiwa ni kumalizikiwa. Tuliishiwa mafuta njiani. Ameishiwa pumzi. "Nimeishiwa", bila kutaja kitu, ni sina hela, na kila mtu ataelewa. Unaweza pia kukigeuza: mafuta yalituishia njiani, nguvu zimeniisha.

Umeme, maji, bando, simu: lipi limeisha na lipi limekatika?

Jiulize kama kitu kimetumika chote au kimezuiwa njiani.

Umeme *umekatika* kama nyaya hazina kitu na mtaa mzima ni giza. Umeme *umeisha* kama uniti ulizonunua zimefika sifuri. Tanzania watasema "luku imeisha", Kenya "tokeni zimeisha". Anayepiga simu huduma kwa wateja na kusema "umeme umeisha" ataambiwa anunue, hata kama nguzo imeanguka mbele ya nyumba yake. Umeme *umekatwa* ni habari nyingine: kuna mtu aliyekuja na ngazi kwa sababu ya deni.

Maji ni vivyo hivyo. Yamekatika bombani, yameisha tangini, yamekatwa kwa sababu ya bili. Gesi ya mtungi huisha. Bando, salio na vocha huisha. Chaji huisha, na baada ya hapo simu *huzima*. Mazungumzo ya simu yakikoma ghafla, simu imekatika.

Mvua nayo ina maneno yake. Imekatika ni imenyamaza, huenda ikarudi. Pwani utasikia pia "mvua imepusa". "Mvua zimekwisha" husemwa juu ya msimu: masika yamekwisha, tunangoja vuli.

Kwa nini mtu hukasirika ukimwambia "koma"?

Kwa sababu "koma!" ni amri ya kumkemea mtu, na mara nyingi hubeba dharau. Mama anaweza kumwambia mwanawe. Mdogo hamwambii mkubwa, wala mteja hamwambii muuzaji asipotaka ugomvi. "Ukome!" ni kali zaidi: umepata ulichokitafuta, usirudie. Na "amekoma" ni ameonja matokeo na hatarudia tena.

Nje ya amri neno ni safi kabisa. Kukoma ni kusita moja kwa moja kwa kitu kilichokuwa kikiendelea: damu imekoma kutoka, kelele zimekoma. Kitaalamu husemwa kukoma hedhi, au ukomo wa hedhi. Kikomo ni mpaka wa mwisho: kikomo cha mkopo, ukomo wa vipindi vya uongozi.

Kukomesha ni kukifanya kikome, na karibu kila mara kinachokomeshwa ni kibaya: ujangili, rushwa, ukeketaji, uvuvi wa baruti. Hukomeshi harusi wala mradi wa maji. Mwandishi wa habari akiandika "serikali yakomesha mradi", msomaji ataanza kuutilia shaka mradi wenyewe.

Angalia pia "komea". Alikomea darasa la saba, yaani ndipo aliposimama. Lakini "komea mlango" ni kutia komeo. Sentensi yenyewe ndiyo itakayokuambia ni ipi.

Kumaliza, kukamilisha, kutimiza, kuhitimu: si sawa?

Ni ndugu, si pacha. Kumaliza ni kufika mwisho, vyovyote vile. Kukamilisha ni kufika mwisho pasipo kitu kinachopungua. Hapo ndipo fundi na mwenye nyumba hugombana. Fundi anasema kazi *imekwisha*, maana yake bati limekaa na yeye ameshafunga mfuko wa zana. Mwenye nyumba anasema haija*kamilika*: bado plasta upande wa nyuma, vigae vya bafuni, rangi ya mkono wa pili na vitasa viwili. Mnapoandikiana mapatano usiweke "malipo ya mwisho kazi ikiisha". Orodhesha vitu vya umaliziaji kimoja kimoja, kisha andika malipo yatatolewa vyote vikikamilika.

Neno umaliziaji ni la ujenzi na la mpira pia. Mshambuliaji anayefika golini mara nyingi na kupiga nje, tatizo lake ni umaliziaji.

Kutimiza ni kufikia kiwango kilichowekwa: ametimiza miaka 18, ametimiza ahadi, dakika 90 zimetimia. Hutimizi chakula.

Kuhitimu ni kwa masomo na mafunzo. Kwenye wasifu andika "nilihitimu kidato cha nne mwaka 2015". Katika mazungumzo, "nilimaliza form four" inatosha. Yote mawili hayasemi kama ulifaulu, hayo ni mambo ya cheti. Aliyeondoka kabla ya mwisho *aliacha* shule, au *alikatiza* masomo kama anakusudia kurudi. Usiandike "alimaliza shule akiwa darasa la tano".

Na ukiambiwa "malizia", kuna kilichobaki: malizia chai yako, nimalizie hiki kipande. "Tumemalizana" ni hesabu zimelipwa au ugomvi umesuluhishwa. "Kummaliza" mtu ni kumuua au kumshinda vibaya, hivyo usilitumie kwa mteja uliyemhudumia.

Kikao, mkataba na mechi: kufunga, kusitisha, kuahirisha au kuvunja?

Kikao kikifika mwisho wake *hufungwa*, na mwenye kukifunga ni mwenyekiti. Katika muhtasari, baada ya "Yatokanayo", ajenda zenyewe na "Mengineyo", huja kichwa KUFUNGA KIKAO, na chini yake sentensi moja tu: "Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe na kufunga kikao saa 9:40 alasiri." Saa ni lazima. Ikiwa mnarudi kesho, kikao *kimeahirishwa*, nawe utaje tarehe. Wajumbe wakitoka kwa hasira katikati, kikao *kimevunjika*, hakikufungwa. Bunge *huvunjwa* muda wake ukifika au kwa amri ya kikatiba. Ukisema "Bunge limefungwa" utaeleweka kuwa mkutano huu umekwisha na wabunge wale wale watarudi.

Mpira una mgawanyo huo huo. Mechi imemalizika ni dakika zimetimia na kipyenga kimelia. Imevunjika ni ilianza ikashindwa kufika mwisho: mvua, giza, vurugu. Imeahirishwa ni imesogezwa siku nyingine.

Kusitisha ni kukata jambo lililokuwa likiendelea, na mara nyingi huacha mlango wazi. Kusitisha mapigano si kumaliza vita: silaha zimenyamaza, chanzo cha vita bado kipo. Vivyo hivyo, aliyesimamishwa kazi bado ni mwajiriwa na anasubiri uchunguzi. Aliyeachishwa au kufukuzwa ameondoka.

Mkataba uliofika tarehe yake *umekwisha muda*. Uliokatizwa kabla ya tarehe, kwa utaratibu, *umesitishwa*. Aliyeondoka bila kufuata utaratibu *ameuvunja*, na hilo ni neno la lawama, usilitumie katika barua yako mwenyewe. Mfanyakazi anayeondoka kwa hiari aandike "naomba kuacha kazi" na ataje notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria za ajira za Tanzania (2004) na Kenya (2007) zinataja siku 28, ingawa Tanzania mwezi wa kwanza kazini una masharti yake. Kujiuzulu hutumika zaidi kwa vyeo: waziri, mwenyekiti, katibu. Kustaafu ni kwa umri au muda wa utumishi.

Dawa "imeisha": ina maana gani?

Ina tatu, na kuzichanganya kunaweza kuleta madhara. Mgonjwa akisema "dawa imeisha" anaweza kuwa amemeza zote. Mhudumu akisema hivyo, stoo ni tupu. Na mtu wa tatu anaweza kuwa anasoma tarehe kwenye pakiti. Kwa maana hiyo ya tatu sema kwa urefu: "dawa imekwisha muda wake", au "muda wake wa matumizi umepita".

Tofautisha pia kumaliza dozi na kuacha dawa. Dozi ya mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, mara mbili kwa siku, siku tatu. Anayepata nafuu siku ya pili akaweka vidonge vilivyobaki kabatini *ameacha* dawa, hajaimaliza. Ukimuuliza mgonjwa "umemaliza dawa?" atajibu ndiyo kwa sababu homa imekwisha. Muulize vidonge vingapi vimebaki.

Nimalizie vipi insha, hotuba au shairi?

Katika hotuba: "kwa kumalizia", "mwisho kabisa", "kabla sijaketi". Ukishasema "mwisho kabisa" keti ndani ya dakika mbili. Hadhira ya Kiswahili huhesabu miisho ya msemaji na huanza kucheka kwenye wa tatu. Katika insha na ripoti: "kwa kuhitimisha", na kichwa chake ni Hitimisho. Kutamatisha na kutamatika ni maneno ya redio na magazeti, na Kenya husikika zaidi. "Mazishi yametamatika" ni sahihi, lakini nyumbani hakuna anayesema ubwabwa umetamatika.

Shairi la kimapokeo hufungwa kwa ubeti wa *tamati*, na washairi wengi huuanza na "kaditama" au "kaditamati", maneno yaliyotoka Kiarabu yenye maana ya imekwisha kutimia. Ngano husema "hadithi yangu imeishia hapo". Barua rasmi huishia na "wako mtiifu", sahihi, jina.

Hitima ya kumsomea marehemu, kuhitimu, hitimisho na hatima vyote vimetoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Hatima ni yatakayompata mtu au jambo mwishoni. Usiandike "hatima ya mkutano ni saa kumi".

"Mwisho wa siku" ni Kiswahili?

Kwa maana ya jioni, ndiyo. Kwa maana ya "ukishapima yote", ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Tuna "hatimaye", "mwishowe", "yote kwa yote". Zenyewe nazo hazilingani: hatimaye hubeba kungoja (hatimaye basi likafika), mwishowe ni mfuatano tu. Mwishoni ni mahali au wakati: mwishoni mwa mwezi, mwishoni mwa foleni. Tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, magazeti ya Kenya huiita makataa, na ni neno zuri ambalo Tanzania wangeweza kuliazima.

"Yaishe", "amekwisha", "imeisha hiyo" zinatumikaje?

"Yaishe" ni ombi la kuzika ugomvi. "Shangazi, naomba yaishe" ni nusu ya msamaha. Nusu nyingine ni kueleza kosa lako. Akijibu "yamekwisha, mwanangu", usilirudie jambo hilo.

"Tumekwisha!" ni tumeangamia. "Kwisha habari yake" husemwa juu ya mtu au kitu kisichotarajiwa kuinuka tena. "Imeisha hiyo" ni ya vijana wa Tanzania: jambo limepita, hakuna mjadala.

"Amekwisha" juu ya mgonjwa maana yake amekonda sana. Usiitumie kwa aliyefariki. Sema amefariki, ameaga dunia, au ametangulia mbele ya haki.

Je, ngeli hubadilika?

Hufuata kitu kilichoisha kama kawaida: mchele umekwisha, mafuta yamekwisha, pesa zimekwisha, chakula kimekwisha. Mbili husumbua. Vita ni *vi*mekwisha katika sanifu, ingawa "vita imeisha" husikika sana. Na mwisho, wingi wake ni miisho, lakini wingi huo haupatikani mara nyingi nje ya "miisho ya dunia". Kwa tarehe kadhaa za mwisho andika "tarehe za mwisho".